Vijana na Nyimbo za Kufoka

  

Ndugu Waislamu, katika sehemu hizi za Dabani, na mpakani kote kutoka Busia mpaka Tororo, liko lalamiko moja ambalo husikika kila wanapokaa wazee wawili barazani baada ya sala. Lalamiko lenyewe ni kwamba vijana wameharibiwa na nyimbo. Nyimbo zinazotajwa khasa ni zile za hip-hop, ambazo kwa Kiswahili huitwa nyimbo za kufoka, kwa kuwa mwenye kuziimba havuti sauti kama mwimbaji wa taarabu, bali husema maneno yake mbio mbio, kwa vina, juu ya mdundo wa ngoma. Husemwa kwamba nyimbo hizo ndizo zilizowatoa vijana madrasa, zikawafanya wavae suruali chini ya kiuno, wavute bangi, wapite mbele ya wakubwa bila ya kuamkia. Na kwamba ndizo zilizowafanya mabinti wapate mimba kabla ya kumaliza darasa la saba. Haya ni mashitaka mazito, na mshitakiwa hayupo barazani kujibu.

Mashitaka yanapaswa yasikizwe kwa uadilifu, kwa sababu ndani yake mna kweli na mna uongo. Tena ni jambo la watoto, na katika jambo la watoto mzazi hana ruhusa ya kuhukumu kwa hasira.

Kwanza yafaa ijulikane nyimbo hizi zilitoka wapi, maana wako wanaosema kwamba ni njama iliyotungwa ili kuwaangamiza Waafrika, na wako wanaosema ni uchawi. Khabari yake ni ndogo kuliko hivyo. Tarehe 11 Agosti 1973, katika mtaa wa Bronx, mjini New York, msichana mmoja aitwaye Cindy Campbell alitaka fedha za kununulia nguo za shule. Akafanya karamu ya ngoma katika ukumbi wa jumba la kupanga walimokaa, namba 1520 Sedgwick Avenue, na kila aliyeingia akalipa kiingilio kidogo. Aliyepiga santuri alikuwa kaka yake, Clive, kijana wa miaka 18 aliyezaliwa Kingston, Jamaica, na ambaye watu walimwita Kool Herc. Kijana huyo alikwisha kutambua kwamba wachezaji hungoja ile sehemu fupi ya wimbo ambayo ngoma hulia peke yake. Basi akachukua santuri mbili za wimbo mmoja, akaziweka katika mashine mbili, ikawa sehemu ile ikiisha huku huianza kule, na ngoma haikatiki. Juu ya ngoma hiyo yakasemwa maneno ya kuwachangamsha watu, na maneno yale yakakua mwaka baada ya mwaka mpaka yakawa mashairi.

Bronx ya siku zile ilikuwa mahali pa dhiki. Nyumba ziliungua mtaa kwa mtaa, kazi zilikimbia, na vijana walijigawa katika magenge. Mwaka 1982 kundi la Grandmaster Flash and the Furious Five lilitoa wimbo uitwao The Message, wenye kueleza maisha hayo ya uchafu, njaa na kukata tamaa, na tangu hapo ulimwengu ukafahamu kwamba nyimbo hizi zaweza kubeba jambo zito. Huo ndio mwanzo wake: ndugu wawili, santuri mbili, na watu maskini waliokuwa na neno la kusema.

Kwa watu wanaosoma Kurani, kijana kusimama mbele ya watu na kusema kwa vina si jambo geni. Waarabu wa zamani hawakuwa na gazeti wala redio. Ulimi wa kabila ulikuwa mshairi wake. Imo katika Kurani Sura nzima, ya 26, inayoitwa kwa jina la Washairi, na mwisho wake washairi wanahukumiwa. Wanalaumiwa wale ambao maneno yao hayalingani na matendo yao, na wanaowavuta wapotofu nyuma yao. Kisha wanatolewa katika lawama hiyo walioamini na kutenda mema, wanaomkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi, na waliojitetea baada ya kudhulumiwa. Kipimo cha hukumu hii ni ukweli wa maneno, na matendo ya msemaji, na dhuluma iliyomfanya aseme. Na Mtume mwenyewe, rehema na amani zimfikie, alikuwa na washairi wake: Hassan bin Thabit, na Kaab bin Malik, na Abdallah bin Rawaha. Hassan aliwekewa mimbari msikitini ili awajibu makafiri wa Kikureshi kwa mashairi, kwa kuwa wao walimtukana Mtume kwa mashairi. Atakayetafuta leo mfano wa vijana wawili wanaopambana kwa maneno, huyu akitupa na yule akijibu, na watu wamewazunguka, asiende Marekani, aanzie Madina.

Ama juu ya ala za muziki, wanazuoni wamekhitalifiana, na haifai khitilafu yao kufichwa. Wengi katika madhehebu manne wamezikataza ala za nyuzi na za kupuliza, wakitegemea hadithi zinazojulikana. Na wako waliolegeza, kama Ibn Hazm wa Andalusia, ambaye alizitia ila hadithi hizo. Lakini wote huipokea khabari ya wale wasichana wawili walioimba nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya Idi, Sayyidna Abubakar akawakemea, na Mtume akamwambia awaache. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika mlango mrefu juu ya jambo hili katika Ihya, na njia aliyoishika ni ya mtu mwenye kupima: humwangalia anayeimba, na chombo, na maneno yenyewe, na hali ya moyo wa msikilizaji, na kama mchezo umegeuka mazoea yenye kumla mtu wakati wake. Kijana anayetaka kujiepusha na ala zote ana maimamu wakubwa nyuma yake, wala asichekwe. Na anayesema maneno mema kwa mdundo wa dufu, au kwa kupiga makofi tu, haijuzu kumwita mpotofu kwa sababu tu suruali yake ni pana.

Waswahili nao wana asili kama hiyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, aliwapiga mishale ya maneno watu wa Lamu na watawala wa Unguja, na watu wa Lamu wakamjibu. Na beti hizo zimehifadhiwa mpaka leo. Katika Lamu hiyo hiyo, uchaguzi wa mwaka 1974 na marudio yake ya mwaka 1975 uliamsha mashairi ya kutupiana maneno yaliyoitwa kimondo, na kanda zake zikasikilizwa nyumba kwa nyumba. Hizo zilikuwa kaseti, si simu. Zaidi ya hapo tofauti ni ndogo. Hata hapa karibu, kwa Mumia, ambako misafara ya pwani ilipiga kambi ikielekea Uganda, dini na Kiswahili viliingia pamoja na watu waliotembea kwa wimbo.

Na lalamiko la wazee lina umri mrefu pia. Baada ya vita vikuu vya kwanza ngoma ya beni ilienea kutoka pwani mpaka bara, vijana wakivaa kama askari wa Kizungu, wakapeana vyeo vya Kizungu, wakashindana kwa tarumbeta na kwa nyimbo za kejeli. Wazee na masheikh wa miji mingi walilia kwamba vijana wamekwisha, wanafuja mali, wanaiga Wazungu, wanaacha misikiti. Vijana wale wa beni ndio waliokuja kuwa mababu, na wengi wao walikufa wakiwa watu wa safu ya kwanza msikitini. Wazee wa leo ni wajukuu zao, ingawa hawapendi kukumbushwa.

Katika Afrika ya Mashariki nyimbo za kufoka zilisikika kwa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale kijana wa Tanzania aitwaye Saleh Jabir alipochukua wimbo wa Kimarekani uliokuwa ukivuma na kuutia maneno ya Kiswahili. Kisha zikafunguliwa redio za watu binafsi. Kampala ilizipata mwaka 1993. Vijana wa Bataka Squad wakafoka kwa Kiganda, na Kalamashaka wa mtaa wa Dandora, Nairobi, wakafoka kwa Kiswahili cha mitaani juu ya polisi na njaa. Mwaka 2001 Joseph Haule wa Tanzania, ajulikanaye kwa jina la Professor Jay, alitoa wimbo wa kumcheka mwanasiasa mwenye ahadi za uongo, na mtaani kila mtu akauelewa. Mwaka 2015 mwenyewe akachaguliwa kuwa Mbunge wa Mikumi. Mwenzake, Joseph Mbilinyi, aitwaye Sugu, alimtangulia Bungeni mwaka 2010 kwa kura za Mbeya mjini. Basi haiwezekani kusema kwamba fani hii humtoa kila mtu akili. Baadhi ya watu wazima wameona katika wafokaji hao ukweli ambao hawakuupata kwa wahutubu wa jukwaani.

Lakini ubaya upo, na atakayeukana ni mtu asiyesikiliza. Ziko nyimbo zinazomfanya mwanamke nyama ya kununuliwa kwa kilo. Ziko zinazoisifu pombe, na bangi, na fedha ambayo haikutolewa jasho. Mwezi wa Novemba 2019, vijana wa kundi la Ethic la Nairobi walitoa wimbo uitwao Tarimbo, ambao watu waliuona wazi kwamba unaufanya ubakaji kuwa mchezo. Kelele zilizopigwa Kenya nzima zilikuwa kubwa hata wimbo ukaondolewa, na waimbaji wakaomba radhi. Khabari hii ina jambo la kuzingatiwa. Waliopiga kelele, wengi wao walikuwa vijana na wanawake, na kelele zao zilifaa kwa sababu walikuwa wameyasikia maneno na wameyafahamu. Hawakusema kwamba ngoma ni mbaya. Walisema, neno hili hapa, mstari huu hapa, ni dhuluma kwa mabinti. Mwimbaji hakuwa na la kujibu.

Linganisha na hali ilivyo Dabani. Mzee hukemea wimbo ambao hajui umesema nini. Pengine wimbo wenyewe ni wa kijana anayemlilia mama yake aliyekufa, au anayelalamika kwamba askari wa mpakani wamemnyang'anya baiskeli. Lakini kwa kuwa ngoma inalia na maneno yanakimbia, basi ni hip-hop, basi ni haramu, basi zima. Na siku ya pili unapita wimbo wa matusi ya Kiingereza, na mzee yule yule hasemi neno kwa sababu sauti yake ni laini. Si wazee peke yao walio katika giza hili. Wako vijana wanaolijua tusi la Kimarekani kwa moyo, lahani yake na pumzi yake, nao hawaelewi hata neno moja katika wanayoyatamka. Lau wangefasiriwa mbele ya mama zao wangetafuta pa kujificha.

Sasa lije lile jambo zito kuliko yote, nalo ni usiku.

Katika nchi ya Samia na Waluhya, huku na ng'ambo ya pili ya mpaka, na kwa Wajaluo pia, kumezuka dasturi iitwayo disko matanga. Mtu amekufa, maiti yu katika nyumba ya kuhifadhia maiti, na jamaa wanatafuta fedha za jeneza na za chakula. Huletwa jenereta na spika kubwa, na vijana wa vijiji vya karibu hukusanyika mpaka alfajiri. Hulipwa ili wimbo upigwe, na mwingine hulipa zaidi ili usimamishwe, na hivyo fedha huingia. Zinazopigwa ni hizo za kufoka na nyinginezo za ngoma nzito. Serikali ya Kenya imezipiga marufuku mara kwa mara, machifu wamezivunja, nazo huzuka tena kijiji cha pili, kwa kuwa mauti hayaishi na jeneza haligawiwi bure.

Waislamu huzika siku ile ile, au ya pili yake, bila ya jeneza la kununuliwa, wala hawana haja ya matanga ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo wengi hujiona wamesalimika. Hawakusalimika. Mtoto wa Kiislamu ana wajomba Wakristo, ana rafiki wa shule, ana jirani. Na spika ile husikika vijiji vitatu. Baba amelala akidhani binti yu chumbani. Na usiku ule, nyuma ya migomba, ndipo yanapotukia mambo ambayo miezi mitano baadaye huletwa barazani kwa jina la madhara ya muziki.

Hapa ndipo inapolazimu kusimama na kuuliza. Nani amempa binti mimba? Ngoma haina mwili. Katika sheria ya Uganda, kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa kubwa la jinai, hata kama msichana amekubali. Na Kenya ina sheria yake ya makosa ya zinaa ya mwaka 2006. Aliyefanya kosa hilo ni mwanamume mwenye jina, mwenye nyumba, aghalabu mwenye pikipiki au duka, pengine mwenye mke. Na katika vijiji vya mpakani jina lake hujulikana upesi. Kinachofuata kinajulikana vile vile: jamaa wa pande mbili hukutana usiku, hutolewa mbuzi au fedha, wazee hula, shauri huzimwa, na binti hutolewa shule. Asubuhi wazee wale wale hukaa barazani wakasema, nyimbo hizi zimewaharibu watoto. Muziki umekuwa mshitakiwa mzuri: hauendi mahakamani, hauna jamaa wa kukasirika, wala haumtaji aliyekula mbuzi.

Kama ushahidi unatakiwa, upo karibu. Kwa sababu ya maradhi ya Korona, Uganda ilifunga shule zote mwezi wa Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022. Katika muda huo mabaa na kumbi za muziki zilifungwa pia, mikusanyiko ikakatazwa, na serikali ikapiga marufuku watu kutembea usiku. Bila shaka palikuwa na walioivunja amri kwa siri, lakini kwa jumla nchi haikupata kuona usiku mkimya kama ule tangu zamani. Lau muziki ungekuwa ndio asili ya ubaya, mabinti wangalisalimika katika miaka ile. Mambo yalikuwa kinyume. Mimba za wasichana wadogo ziliongezeka hata zikawa msiba unaozungumzwa nchi nzima, na walimu walipofungua milango waliwakuta baadhi ya wanafunzi wao wakinyonyesha. Kilichokuwa kimeondoka ni shule. Walikuwapo wanaume, na njaa, na giza, na nyumba ambazo hakuna aliyeuliza.

Haisemwi hapa kwamba disko matanga haina dhambi. Ni mahali pabaya, na wakati mbaya, na pombe ipo, na mtoto wa miaka 14 hana haki ya kuwapo pale saa nane ya usiku hata kama zingepigwa kaswida. Jumuiya ikisema na chifu, na mwenyekiti wa kijiji, na jamaa wa Kikristo, ili wenye msiba wasaidiwe kwa mchango wa mchana badala ya spika za usiku, itakuwa imefanya kazi kubwa kuliko hotuba kumi za kulaani. Majirani wengi wa dini nyingine wanalichukia jambo hili kama Waislamu wanavyolichukia, ila hawana pa kutoa fedha za jeneza. Mchango wa Waislamu katika jeneza la jirani si haramu.

Yuko na mfano mwingine wa Uganda wenye kufaa. Mwanzoni mwa mwaka 2019 alivuma mtoto wa miaka 7, aitwaye Fresh Kid, mwenye kufoka kwa Kiganda kwa ulimi mwepesi ajabu. Akawa akipelekwa kuimba katika majumba ya starehe. Waziri mdogo wa mambo ya vijana na watoto, Bibi Florence Nakiwala Kiyingi, akasema mtoto huyo apaswa kuwa shule, na kwamba kumtumia hivyo ni kumfanyisha kazi mtoto. Nchi ikagawanyika, wengine wakamtukana waziri kwamba anaua kipaji cha maskini, wengine wakamsifu. Mwisho walipatana: mtoto asome, na kuimba kwake kuwe siku za mapumziko na likizo. Waziri hakukataza kufoka, na jamaa hawakukataa shule. Wangapi katika wazazi wa sehemu hizi wamewahi kufanya sulhu ya namna hiyo na mtoto wao? Aghalabu hupewa mambo mawili: aache kabisa, au aondoke nyumbani, naye, kwa kuwa ana miaka 16 na Busia ina kazi za kubeba mizigo na kuendesha bodaboda, huondoka.

Vijana nao huuliza kama mtu aweza kuwa Mwislamu na mfokaji. Jawabu halikuwa moja hata kwa wafokaji wenyewe. Huko Marekani, Mutah Beale, aliyekuwa katika kundi la Outlawz la marehemu Tupac Shakur kwa jina la Napoleon, aliposhika dini aliacha muziki kabisa, akawa mlinganiaji, akahamia Saudia. Ufaransa, mwanamke mashuhuri katika fani hiyo, Diam's, alisilimu akavaa hijabu na akajitoa katika uimbaji. Lakini Yasiin Bey, ambaye zamani alijulikana kama Mos Def, aliianza kwa Bismillahi sahani yake ya mwaka 1999, na akaendelea na kazi yake. Kijana akipewa mifano yote ataona kwamba wanaoijua fani hii kwa ndani wamehitaji kujihesabu. Akifichwa mmoja, ataupata mwenyewe katika simu, na ataona kwamba sheikh alimficha.

Imebaki khabari ya madrasa, nayo inauma. Madrasa nyingi za sehemu hizi humchukua mtoto akiwa na miaka 5, humfundisha herufi, juzuu Amma, nguzo na sala; na akifika miaka 13 huwa amekwisha, kwa kuwa mwalimu hana kitu kingine cha kumpa. Kutoka hapo mpaka aoe, hana mahali pake msikitini ila nyuma kabisa, karibu na viatu. Hakuna anayemwuliza jambo. Hahutubu, haadhini, hasomi mbele za watu ila mara moja kwa mwaka katika Maulidi, na hapo pia husoma maneno ya watu waliokufa zamani. Kisha anapata mahali ambapo kijana wa umri wake hupewa kipaza sauti, na watu mia mbili humnyamazia wamsikilize. Ni ajabu kwamba akaenda? Huko Kampala, Abramz Tekya, aliyekuwa yatima, alianza mwaka 2006 jumuiya ya kufundisha uchezaji wa hip-hop bila ya malipo, ambayo kila aliyefundishwa hufundisha mwenziwe, na watoto wa mitaani waliotupwa na kila mtu wakapata pa kwenda. Waislamu hawana haja ya kuchukua uchezaji wake, wala mchanganyiko wa wavulana na wasichana uliomo. Lakini ule mlango usio na kiingilio, na ile kanuni ya aliyejua kumfundisha asiyejua, hapana shaka vilikuwa vya misikiti kabla havijawa vya mtu mwingine.

Jumuiya ikitaka kuanza, haihitaji fedha nyingi. Ukumbi wa madrasa hukaa kimya kila Jumamosi baada ya alasiri. Vijana waitwe waje na maneno waliyoyatunga wenyewe, kwa Kiswahili, kwa Kisamia, kwa Kijopadhola, kwa Kiganda, kwa lugha yoyote wanayoifahamu. Ya juu ya mpaka, ya juu ya kazi, ya juu ya baba mlevi, ya juu ya Mtume. Chombo kiwe dufu tu, au pasiwe na chombo, ili asiwepo wa kukimbia kwa sababu ya khitilafu. Tusi lisiingie. Wasichana wawe na siku yao na mwalimu wao wa kike, maana wanayo ya kusema kuliko wavulana, na baadhi yake yatawahusu wanaume wanaojulikana. Na sharti kubwa ni la wazee: wakae mbele, wasikilize mpaka mwisho, na asitoke mtu hata kama yanayosemwa yamemgusa. Gharama ya chai na mandazi kwa mwaka mzima haifiki gharama ya mchele na nyama ya Maulidi mamoja.

Watu husema kwamba vijana hawatakuja. Kwa kuanza aitwe yule kijana mwenye duka la kutia nyimbo katika simu, karibu na kituo cha mabasi, ambaye kila msichana na kila mwendesha bodaboda hupita kwake. Yeye anajua nani anaimba nini, na nani amewahi kuandika daftari zima la mashairi akalificha chini ya godoro. Aulizwe kwa upole, baada ya kuamkiwa yeye kwanza.